Tuuzunguke Mlima: Mpango wa Hija ya Kibo kwa Ajili ya Mfereji Wetu

Mada iliyowasilishwa na mwanachama wa tawi la Dar es Salaam kwenye mkutano wa maandalizi ya harambee



Kamati imenipa dakika ishirini nieleze pendekezo la matembezi ya kuchangia ukarabati wa mfereji wetu, yaani banio lililobomoka na sehemu za mfongo zinazovujisha maji kabla hayajafika vihamba vya chini. Nimesikia watu wakiliita pendekezo hili "la kupanda mlima". Naomba jina hilo tuliweke pembeni mapema, kwa sababu jina likikosewa bajeti nayo itakosewa. Tunachopendekeza ni kuuzunguka mlima. Hakuna atakayekwenda Uhuru. Bango letu halitapigwa picha kwenye mita 5,895. Nitaeleza kwa nini, kisha nitaeleza njia, afya, na mwisho fedha, ambayo ndiyo kazi yangu.

Kwa nini kuzunguka

Wazee waliopo hapa wanajua kuliko mimi kwamba babu zetu hawakuwa na desturi ya kupanda Kibo. Walikielekea. Marehemu alizikwa akielekezwa Kibo. Upande wa Kibo ulikuwa upande wa heshima. Kile cheupe cha juu kilikuwa kitu cha kutazamwa asubuhi na kusalimiwa. Aliyetuletea habari ya kupanda hadi kileleni ni Hans Meyer, aliyefika huko na mwenzake Ludwig Purtscheller tarehe 6 Oktoba 1889. Simlaumu, na wala siwalaumu ndugu zetu wanaopata riziki kwa kuwapeleka wageni kileleni. Nasema tu kwamba kuhesabu mlima kwa kilele ni desturi changa hapa kwetu.

Kuna watu wengine duniani wanaouheshimu mlima kwa kuuzunguka. Magharibi mwa Tibet kuna mlima unaoitwa Kailash, wenye urefu wa zaidi ya mita 6,600. Wahindu, Wabudha, Wajaini na wafuasi wa dini ya kale ya Tibet iitwayo Bon, wote wanauona kuwa mtakatifu. Kileleni hawapandi. Wanauzunguka kwa njia ya kilomita 52 hivi, inayopita kwenye upenyo wa Drolma La ulio juu ya mita 5,600. Wahindu na Wabudha huzunguka mlima ukiwa mkono wa kulia, na watu wa Bon huzunguka kinyume chao, wakakutana njiani bila ugomvi. Wageni wengi hutumia siku tatu, na wenyeji wenye miguu mizuri humaliza kwa siku moja. Wako pia wanaouzunguka kwa kulala kifudifudi, wakasimama pale mikono ilipofika, wakalala tena, mpaka duara likamilike, na hao hutumia majuma. Hakuna anayemuuliza mwenzake alifika mita ngapi. Swali lao ni moja tu: umemaliza mzunguko?

Neno hija lisimshtue mtu. Sisi hapa ni Walutheri, Wakatoliki, Waislamu na wengineo, na hatuendi kuabudu jiwe. Tunaita hija kwa maana ya safari ambayo mtu anaifanya kwa nia, kwa gharama yake, kwa ajili ya jambo lililo kubwa kuliko yeye. Kila mmoja ataomba kwa dini yake siku ya kuondoka na siku ya kurudi.

Sababu ya pili ni maji yenyewe. Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba maji ya mfongo yanatoka kwenye barafu ya Kibo. Barafu hiyo imepungua sana. Zaidi ya asilimia 80 ya ile iliyokuwapo mwaka 1912 imekwisha toweka, na bado mito yetu inatiririka, ingawa kwa shida. Maji yetu kwa sehemu kubwa yanatoka msituni, kwenye ule mkanda unaopokea mvua na kunasa ukungu upande wa kusini. Anayeuzunguka mlima anaona jambo hilo kwa macho. Ataingia kupitia msitu wenye unyevu, atapita kaskazini ambako nchi ni kavu na chini yake kuna tambarare za Amboseli upande wa Kenya, kisha atarudi kwenye msitu wa upande wetu. Mlima ni mmoja, lakini upande mmoja una mifongo na upande wa pili unategemea mvua chache. Mtu akishaona hivyo hahitaji kuhubiriwa kuhusu kukata miti wala kuhusu moto, kama ule wa Oktoba 2020. Na mtu wa namna hiyo ndiye tunayemtaka aje kutuombea michango.

Njia na siku

Tunapendekeza siku tisa, usiku nane. Urefu ninaoutaja ni wa kukadiria.

Siku ya kwanza tunaingia Lango la Londorossi, upande wa magharibi, tunalala Mti Mkubwa ndani ya msitu, karibu mita 2,700. Siku ya pili tunapanda hadi Shira 1, karibu mita 3,500. Siku ya tatu hatuhami. Tunatembea kidogo kwenye uwanda wa Shira, tunapanda na kushuka, tunalala palepale. Siku ya nne Shira 2, karibu mita 3,850. Siku ya tano Moir, karibu mita 4,200. Siku ya sita tunashika njia ya kaskazini hadi Pofu, karibu mita 4,000. Siku ya saba Pango la Tatu, karibu mita 3,900. Siku ya nane ndiyo ndefu kuliko zote: tunaondoka alfajiri, tunapanda hadi kituo cha Kibo kwenye mita 4,720, tunakula mchana hapo, tunavuka tandiko lililo kati ya Kibo na Mawenzi na kushuka kulala Horombo, mita 3,720. Siku ya tisa tunashuka kupitia Mandara hadi Lango la Marangu.

Kwa kwenda magharibi, kaskazini, kisha mashariki, mlima utakuwa mkono wetu wa kulia njia nzima. Nusu ya kusini inayobaki ni nyumbani. Hiyo nitairudia.

Najua kuna wajumbe waliouliza kwa nini siku ya tatu tulipe ada, chakula na wapagazi ili watu wakae mahali pamoja. Swali ni la haki, maana siku hiyo ina gharama kamili. Jibu ni kwamba kutoka Mti Mkubwa hadi Shira 1 tunaongeza mita 800 kwa siku moja. Kanuni ya kawaida ya madaktari ni kwamba ukishapita mita 3,000 usiongeze zaidi ya mita 500 kati ya usiku na usiku, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike. Usiku wa pili pale Shira 1 unarudisha uwiano huo. Ukinitaka nipunguze gharama nitapunguza fulana, nitapunguza mabango, nitapunguza chakula cha mchana cha wageni wa heshima. Usiku huo nitautetea mpaka mwisho.

Kuhusu wakati: Desemba tunakuwa nyumbani wote, lakini Desemba si mwezi wa kuutegemea kule juu kwa sababu ya mvua. Miezi mizuri ni Januari hadi mwanzoni mwa Machi, na Juni hadi Oktoba. Tunapendekeza Septemba. Hivyo Januari hadi Agosti ni ya mazoezi na kukusanya ahadi, Septemba ni ya safari, Oktoba na Novemba ni ya kufunga hesabu.

Ratiba hii ni pendekezo. Kwa mujibu wa taratibu za hifadhi hatuwezi kwenda bila waongozaji wenye leseni, na tutapitia wakala aliyesajiliwa. Kabla hatujalipa hata shilingi moja, wakala atuthibitishie kwa maandishi kwamba hifadhi inairuhusu njia hii siku kwa siku kama ilivyoandikwa.

Kuzaliwa mlimani si chanjo

Kuna maneno tunayopenda kuambiana kwamba mtoto wa mlimani haumwi na mlima. Ndugu zangu, vihamba vyetu vingi viko kati ya mita 1,000 na 1,800. Urefu huo haumwandai mtu kwa mita 4,700, hasa aliyekwisha kaa Dar es Salaam usawa wa bahari miaka ishirini. Pale Kibo kila pumzi ina oksijeni zaidi kidogo tu ya nusu ya ile unayoipata Kariakoo. Ugonjwa wa mwinuko hauangalii ukoo, umri wala mazoezi. Kijana anayekimbia kila asubuhi anaweza kulazwa nao, na mama wa miaka sitini akapita.

Kwa hiyo, kila atakayejiandikisha apite kwa daktari kwanza na alete cheti. Wenye shinikizo la damu, kisukari, matatizo ya moyo au mapafu wasijiamulie wenyewe. Wenye ugonjwa wa selimundu wasiende kabisa. Hata wale wasiougua ila wana vinasaba vyake wamwambie daktari, kwa sababu hewa nyembamba inaweza kuwaletea madhara makubwa. Wajawazito wabaki kwenye matembezi ya nyumbani. Vidonge vya Diamox vitumike kwa ushauri wa daktari tu, kamwe si kwa ushauri wa jirani.

Njiani kutakuwa na kanuni tatu, na kila mmoja atazisaini. Kwanza: mwenye kichwa kinachouma pamoja na kichefuchefu, kizunguzungu au uchovu usio wa kawaida hapandi mpaka apone. Pili: asipopona, au akizidi, anashuka. Tatu: anayeyumba kama mlevi, anayechanganyikiwa, au anayehema na kukohoa hali amekaa, anashushwa saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane, na hashuki peke yake. Neno la mwongozaji ni la mwisho. Mwenyekiti wa chama akiwa mlimani ni mtembeaji kama wengine.

Mpango wa kurudi lazima uwe umeandikwa kama mpango wa kwenda. Shira kuna njia inayofikiwa na gari. Pango la Tatu kuna njia ya Rongai ya kushukia. Horombo kuna njia ya Marangu. Kipande kigumu kumtoa mgonjwa ni kile cha kaskazini, kati ya Moir na Pango la Tatu. Kwa hiyo Moir ndipo mahali pa uamuzi. Asubuhi ya siku ya sita kila mmoja ataulizwa, mmoja mmoja, mbali na wenzake. Mwenye shaka anarudi Shira na gari linamsubiri. Gari hilo limo kwenye bajeti, na fedha za waongozaji wa ziada nazo zimo. Tusipozihitaji, tutashukuru Mungu na kuzirudisha kwa waliolipa.

Fedha

Sasa nifike kwenye kazi yangu. Nina mambo manne.

La kwanza ni ahadi zenyewe. Mtindo unaopendwa ni mfadhili kusema, "Ukifika kileleni nakupa laki tano." Naomba chama chetu kisipokee ahadi ya namna hiyo. Mfikirie mtembeaji aliyebeba ahadi za milioni nne zinazotegemea kilele, na usiku kichwa kinampasuka. Atamwambia mwongozaji kwamba hajambo. Tutakuwa tumemlipa mgonjwa afiche ugonjwa wake, na tukampa mfereji kuwa kisingizio. Ahadi zetu ziwe za mfereji moja kwa moja, na zilipwe yote hata kama mtu amerudi siku ya pili. Anayetaka kuahidi kwa mafungu, aahidi kwa mita za bomba au mifuko ya saruji. Asiahidi kwa mita za mlima.

La pili: mwenda hija anajilipia. Nitoe mfano wa hesabu tu, maana bei kamili tutaipata kwa wakala. Tuseme watembeaji ni 20 na gharama ya kila mmoja ni shilingi milioni 2. Hiyo ni milioni 40. Tukichangisha milioni 60 na kutoa gharama humo humo, mfereji unabaki na milioni 20, na aliyechangia elfu thelathini ajue kwamba elfu ishirini zimeliwa na safari. Hapo mama wa kijijini aliyeuza ndizi akatoa elfu tano atakuwa amemlipia mtu wa mjini likizo. Watembeaji wakijilipia, milioni 60 zote zinafika kwenye banio. Aliye na nia lakini hana uwezo atafutiwe mdhamini anayejua na kukubali kwamba analipia safari.

La tatu: akaunti mbili. Akaunti ya safari na akaunti ya mradi, kila moja na watia saini watatu, na fedha zisihamishwe kutoka moja kwenda nyingine hata kwa mkopo wa siku mbili. Michango ya simu ipite kwenye lipa namba ya chama, isipite kwenye namba ya mtu binafsi, hata akiwa mwaminifu kiasi gani. Mtu mwaminifu ndiye anayestahili kulindwa zaidi na maneno ya watu. Kila mchango, hata wa elfu moja, uwe na stakabadhi.

La nne: wapagazi, wale tunaowaita wagumu. Wengi ni watoto wetu na majirani zetu. Haitakuwa na maana tukichangia maji ya familia zao huku tukiwapunja wao wenyewe mlimani. Mkataba na wakala utaje ujira wa kila siku, milo yao, mahema yao na mavazi ya baridi. Mizigo ipimwe langoni na isizidi kilo 20. Bakshishi ikabidhiwe mkononi mwa kila mmoja mbele ya wote, na asaini. Safu hiyo ya bajeti mtaiona ni kubwa kuliko mlivyotegemea. Ndivyo inavyopaswa kuwa.

Nusu ya kusini

Niliahidi kurudi kwenye nusu iliyobaki. Watembeaji wakitoka Lango la Marangu siku ya tisa, duara halijafungwa. Upande wa kusini wa mlima ndio wetu, na hija ya upande huo haihitaji daktari wala wakala. Tunapendekeza siku ya kumi wazee, akina mama, wanafunzi na kila aliyebaki tuungane na watembeaji, twende pamoja toka kwenye banio, tukiufuata mfongo hadi kihamba cha mwisho ambacho zamani maji yalikifikia. Wazee watuoneshe ukoo gani ulichimba wapi na zamu ziligawanywaje. Anayeweza kutembea hatua mia moja atatembea hatua mia moja. Pale palipobomoka tusimame, fundi aeleze kinachotakiwa na kiasi chake.

Mfongo wetu haukuchimbwa kwa fedha za wafadhili. Ulichimbwa kwa msaragambo, na asiyefika kwenye msaragambo alitozwa faini, kisha zamu yake ya maji ikasubiri. Sisi tuliohamia mijini tumekosa msaragambo miaka mingi. Safari hii itumike kama faini yetu, tuilipe kwa miguu na kwa mfuko.

Ninachoomba leo ni uamuzi wa mambo matatu, Ndugu Mwenyekiti. Mkutano ukubali kwamba ni kuzunguka na wala si kupanda. Mkutano ukubali kwamba kila mtembeaji anajilipia. Na mkutano uteue watu watatu wasiotembea, mmoja wao awe mkazi wa kijijini, wasimamie akaunti ya mradi.

Fomu za kujiandikisha na za ahadi ziko mwishoni mwa kijitabu hiki. Watakaotembea waanze mazoezi juma hili: ngazi badala ya lifti, matembezi marefu kila Jumamosi, na viatu vipya vivaliwe mapema visije vikafunguliwa boksi Londorossi.

Kila Desemba watu hututania kwamba tunakwenda nyumbani kuhesabiwa. Mwaka huu, ndugu zangu, tukishahesabiwa sisi, tutakaa chini ya mgomba na kuhesabu fedha za mfereji mbele ya kila mtu: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Hesabu hizo zitabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, na aliyetoa elfu moja atakuwa na haki ya kuuliza swali kama aliyetoa milioni.